Wajina wa Kiwanda cha Barafu

Mama mkubwa alipanda ndege Mwanza mwezi wa pili, akiwa na miaka sabini na kitu na magoti yote mawili mabovu, akaja Toronto kuniuliza swali moja. Hakuja kumwona binti yake, ingawa binti ndiye aliyelipa tiketi na kwake ndiko alikofikia, huko Richmond Hill. Hakuja kutibiwa magoti. Siku ya pili tu binti alinipigia simu, sauti ameishusha.

"Baba, Mama anasema amekuja kuongea na mume wake. Sasa mume wake ni wewe. So please, usiwe difficult."

Huyo anayeniita baba amenizidi miaka kumi na mmoja. Ana watoto wawili na duka la dawa analolisimamia. Lakini mimi nimepewa jina la marehemu baba yake, aliyekuwa kaka mkubwa wa baba yangu, na kwetu jina halitolewi kama pambo. Ukipewa jina la mtu unapewa na watu wake. Baba yangu mzazi ameniita kaka tangu nikiwa kwenye nepi. Binti wa marehemu ananiamkia "shikamoo baba", na nisipoitika marahaba ananuna kweli. Na mjane, miaka yote hiyo kwenye simu, ameniita mume wangu. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilikuwa namkabidhi mama simu na kukimbilia chumbani kwangu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa mizimu. Nimecheza hoki ya barafuni kwa mshahara miaka kumi na mmoja, katika mabara mawili, nikaacha huko meno manne na sehemu ya kumbukumbu, na kazi ile haikufundishi kuamini kitu usichoweza kukipiga bega. Naandika nilivyoyaona. Madaktari wana maelezo yao, baba ana yake, na mimi nimechoka kukaa katikati yao.

Marehemu alikuwa fundi wa kiwanda cha barafu. Kilikuwa kando ya ziwa, kikitengeneza mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki, na kilikuwa na chumba cha baridi chenye mlango mnene wa chuma. Mpini wa ndani wa mlango ule ulikuwa umevunjika, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutengeneza. Siku moja mlango ukajifunga, au ukafungwa, yeye akiwa ndani. Walimkuta asubuhi ya pili yake. Mimi nilizaliwa miezi michache baadaye, bibi akanitazama mara moja akasema jina limesharudi, na mjadala ukaishia hapo.

Haya yote sikuambiwa utotoni. Nilijua tu kwamba wajina wangu alikufa kazini. Tulihamia Toronto nikiwa na miaka mitano, tukapanga ghorofa Agincourt, baba akapata kazi ya zamu kwenye maghala ya mizigo ya ndege kule Malton. Nikiwa darasa la pili, shule ikatupeleka uwanja wa barafu, watoto wote, na wazazi wenye nafasi wakaombwa waje kutufunga kamba za viatu. Baba alikuwa na zamu ya jioni, akaja.

Kilichotokea nilisimuliwa na yeye mwenyewe baadaye sana, maana mimi sikikumbuki. Anasema tulipopita kwenye mlango wa chumba cha mitambo, pale ambapo ukiwa na pua nzuri unasikia kaharufu ka amonia, nilisimama. Nikavuta pumzi. Nikasema kwa Kiswahili, mimi ambaye kila kitu nilikuwa nakijibu kwa Kiingereza, "Kunanuka kama kazini."

Baba akauliza, "Kazini kwa nani?"

"Kazini," nikasema, nikaendelea na safari.

Kazini kwa baba, kule Malton, kulinuka kadibodi na mafuta ya ndege. Amonia anaijua kwa sababu alipokuwa kijana alikuwa anampelekea kaka yake chakula kiwandani. Alinifunga viatu, akatoka nje akakaa kwenye kibanda cha basi mpaka tulipomaliza. Nje palikuwa na baridi kali na hakuwa amevaa kofia.

Tangu siku ile hakuingia tena uwanjani. Mama ndiye aliyesaini fomu zote, na hakutaka kusikia habari za mlangoni. "Mtoto ana furaha," alisema, "mwacheni ateleze." Baba alinipeleka mazoezini kila alfajiri, akaegesha gari, akasubiri humo humo. Baba za wenzangu walipiga kelele mpaka kioo kinachozunguka uwanja kikapata ukungu. Wangu alikaa kwenye maegesho akisikiliza redio, miaka tisa, na nilimkasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia refa yeyote. Aliniambia sababu nilipokuwa na miaka kumi na sita, siku naondoka kwenda kuishi na familia ya watu kwenye mji mdogo ili nichezee timu ya vijana. Alinieleza chumba, mpini na mlango. Kisha akanipa bahasha ya nauli na kunitakia safari njema.

Unajua kijana wa miaka kumi na sita hufanya nini na habari kama hiyo? Anacheka. Niliwasimulia wenzangu kwenye basi, nikaongeza chumvi, tukacheka wote.

Nilikuwa beki. Beki wa aina yangu hafungi magoli na picha yake haibandikwi ukutani. Kazi yake ni kuweka mwili kati ya goli na kile kisahani cheusi cha raba ngumu, na kumgandamiza mtu ukutani mpaka asahau alikuwa anakwenda wapi. Nilikuwa mzuri kiasi cha kulipwa, si kiasi cha kukumbukwa. Nilicheza misimu minne kusini mwa Marekani, kwenye ligi ya chini, tukilala kwenye basi na kuamka kwenye miji yenye joto iliyokuwa na barafu ndani ya jengo moja tu. Mambo ya rangi yangu yameshaandikwa na wengine, na nimeulizwa mpaka nimechoka. Baadaye wakala akanipigia: Ufini. Nikaenda. Misimu mitatu Ufini, miwili Slovakia, kisha Ufini tena, miwili.

Kitu kimoja wenzangu walikiona kabla sijakiona mimi. Kwenye hoki mnapokezana kila baada ya kama dakika moja, na mabeki kwa kawaida wanatoka na kuingia kupitia kamlango ka benchi. Mimi nilikuwa naruka ukuta. Hata nikiwa nimechoka, hata goti likiuma, naruka. Na nikikaa benchi, mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye komeo la kamlango kale, unalifungua na kulifunga. Kocha mmoja wa Slovakia alilifunika komeo kwa plasta nene ili niache. Kipindi hicho nilicheza vibaya mpaka akaibandua mwenyewe. Nilikuwa nasema ni tabia tu, kila mchezaji ana yake, mmoja wetu alikuwa hafui fulana ya ndani msimu mzima na hakuna aliyemwita mchawi.

Ulaya ndiko nilikokipata Kiswahili changu, ajabu hiyo. Toronto kulikuwa na mama, kulikuwa na kanisa, kulikuwa na harusi za watu, na mimi nikijibu "yeah" na "okay". Kule Ufini sikuwa na mtu wa kuongea naye, nikaanza kusikiliza matangazo ya mpira wa Tanzania kwenye simu, kwa sababu ya kelele za mtangazaji tu. Nikaanza kumjibu. Baada ya misimu miwili nilikuwa namtukana refa wa Dar es Salaam kwa Kiswahili kilichonyooka, peke yangu jikoni, theluji imefika dirishani.

Nimepata mtikisiko wa ubongo mara tatu. Ya kwanza na ya pili sina la kusema, ziliumiza zikapita. Ya tatu ilikuwa Ufini, mechi ya kawaida, mbele ya watu wachache. Nilipigwa nikiwa nimeinama, kichwa kikagonga ukingo wa ukuta. Nakumbuka taa. Kinachofuata ninachokikumbuka ni dari la hospitali na mchezaji mwenzangu, golikipa, amekaa pembeni akinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Alikuwa amenirekodi kwa simu. Si kwa ubaya, alidhani daktari angependa kusikia. Nimelazwa kwenye meza ya chumba cha kubadilishia nguo, bado nimevaa helmeti, macho yamefumba, naongea. Golikipa hakuelewa lugha. Akaniwekea nisikie.

"Nani kafunga?" nasema pale. Kimya kidogo. "Nani kafunga?"

Mara saba. Si kwa hofu. Ni sauti ya mtu mzima aliyeudhika kidogo, anayedhani anataniwa na kwamba wenzake watafungua sasa hivi. Nikamtumia baba.

Baba hakujibu siku mbili. Halafu akapiga. "Futa," alisema.

"Kwa nini nifute?"

"Futa, kaka. Mimi nimeshafuta yangu." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mara ya mwisho kuisikia hiyo sauti nilikuwa na miaka ishirini na sita."

Daktari nilipomweleza alinisikiliza kwa upole wote. Akasema ubongo ukitikiswa unatoa chochote ulichowahi kumeza, na hadithi ya mlango nilikuwa nayo tangu ujana. Kuhusu sauti, akasema, wewe na huyo bwana si mna ukoo mmoja, kwa nini koo zenu zisifanane? Ni maelezo mazuri. Niliyashika kwa mikono miwili.

Nilimaliza msimu ule nikiwa jukwaani, nikarudi nyumbani. Sasa nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa mtaani, hapa hapa Agincourt. Naendesha ile mashine kubwa inayopiga deki barafu, naufutia uwanja mikwaruzo yake, namwaga maji ya moto juu, yanaganda, pananyooka. Siku nzuri nakumbuka kila kitu. Siku mbaya nasimama mbele ya kabati nikiwa sijui nimefuata nini, na kwa ajili hiyo natembea na kadaftari mfukoni.

Wiki ile aliyofika mama mkubwa, kamlango ka benchi kalianza kunichezea. Mimi nakaacha wazi kila jioni nikifunga kazi, ni mazoea yangu. Asubuhi nakakuta kamefungwa, komeo limeteremka. Siku ya tatu nikamwuliza mwenzangu wa zamu, mzee mmoja Mfilipino asiyependa maneno mengi. Akasema hagusi milango ya upande ule, yeye wake ni vyoo na taka. Nikaandika kwenye daftari: nimeacha wazi, saa tatu usiku. Asubuhi nikasoma mwandiko wangu mwenyewe mbele ya mlango uliofungwa. Nikajiambia hili jengo ni la zamani na limekaa upande.

Jumamosi nilikwenda kwa wazazi. Baba aliniita sebuleni, akazima televisheni, jambo analofanya kwa misiba tu.

"Shemeji atakuuliza anachotaka kukuuliza," alisema. "Wewe utasema, nimekusamehe. Basi. Usiongeze neno."

"Nimemsamehe nini?"

"Sijui."

"Sasa baba, namsameheje mtu kosa nisilolijua? Na mimi ni nani wa kumsamehe?"

"Wewe ndiye mwenye jina," alisema, kama vile ananionyesha kitambulisho changu. Kisha akalainika. "Miaka yote hii hajamwambia mtu. Mimi nilimwuliza, bibi yako alimwuliza, padri alimwuliza. Anasema ataongea na mwenyewe. Ameanza kuumwa moyo, kaka. Hataki kufa nalo."

Nilikasirika. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, ndani ya basi, nikisogeza midomo kama kichaa. Hivi mtu anavuka bahari kuja kumwuliza beki mstaafu aliyevunjika kichwa siri ya ndoa ya watu wengine? Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na afadhali niiseme. Niliogopa mambo mawili. Kwamba nitafungua mdomo, kusitoke kitu, nimdanganye mama wa watu kwa neno moja alilonipangia baba. Au nitafungua mdomo na itoke ile sauti.

Kesho yake nikaenda Richmond Hill. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na kipasha joto, khanga mbili mabegani juu ya sweta la binti yake. Nilikuwa sijamwona ana kwa ana tangu nina miaka mitano. Nikainama nimwamkie. Akanizuia.

"Mume haamkii mkewe shikamoo," alisema, akacheka, meno machache. Akanishika mikono, akaigeuza viganja juu. "Ya moto. Angalia. Ilikuwa ya moto hivi hivi, na alikuwa anashinda kwenye barafu."

Ni kweli mikono yangu ni ya moto. Kila timu niliyochezea walinitania kwa hilo.

Alinipakulia yeye mwenyewe, magoti yake yale, akakataa kusaidiwa. Sahani yangu ikajazwa kwanza, wajukuu baadaye, nao wakanikodolea macho huku wakiulizana kwa Kiingereza kwa nini anko anapewa samaki mzima. Nilikula. Alinitazama kila tonge. Nilisubiri swali mpaka vyombo vikaondolewa.

"Siulizi hapa," alisema mwishowe. "Hapa pana joto. Nipeleke kazini kwako."

Binti yake akajaribu. "Mama, kule ni baridi sana, na moyo wako..."

"Nimesema kazini kwake."

Nikawapangia Jumanne, saa saba mchana, kwenye ile saa moja iliyo tupu baina ya watoto wa shule na wazee wanaocheza kujifurahisha. Walikuja na gari la binti. Mama mkubwa alikuwa amevalishwa koti refu lililomfika vifundoni na kofia ya mjukuu yenye kishungi. Tulipofika kwenye milango ya ndani, binti akasimama. Huyu ni mtu wa duka la dawa, mtu wa sayansi, hana hanani na mambo ya kiswahili.

"Mimi siwezi, baba," alisema. "I thought I could. Siwezi." Akarudi kukaa karibu na mashine ya kahawa, mkoba umekumbatiwa kifuani. Nikakumbuka kwamba alikuwa mtoto wa miaka kumi walipomletea habari.

Tukaingia wawili. Mama mkubwa alitembea ameshika mkono wangu, polepole. Tulipopita chumba cha mitambo alisimama pale pale nilipowahi kusimama mimi, akainua pua.

"Ndiyo hii," alisema.

Nilikuwa nataka kukaa naye jukwaani, kuna viti na mikeka ya mpira, lakini hakutaka viti. Alitaka kukanyaga. Basi nikampitisha kwenye kamlango ka benchi, ambako asubuhi ile pia nilikuwa nimekakuta kamefungwa, nikaweka ndoo ya mchanga kakae wazi. Nilikuwa nimepiga deki nusu saa kabla. Barafu ilikuwa safi, nyeusi kidogo chini ya taa, haina hata mkwaruzo mmoja. Tukasogea hatua kumi hivi, viatu vya kawaida, yeye akininginia kwangu. Mitambo ilikuwa inaunguruma chini kwa chini. Halafu ikazima, kama inavyozima kila baada ya muda, na ukimya ukatufika mpaka masikioni.

"Ulikuwa hivi?" aliuliza. Hakuwa ananitazama. "Ukimya wake ulikuwa hivi?"

Nikasema sijui, mama mkubwa.

"Siongei na wewe bado," alisema bila ukali, na mwili wangu wote ukaingiwa na baridi ambayo barafu haijawahi kunitia.

Akaanza kusimulia. Asubuhi ile waligombana. Jambo lenyewe dogo, alisema, aibu hata kulitaja, mgeni wa upande wa kwao aliyekaa siku nyingi mno. Mume akaondoka bila chai. Yeye akanuna, naye alikuwa bingwa wa kununa, na jioni mume asiporudi akasema moyoni, acha alale huko huko na hasira zake. Hakwenda kiwandani kuuliza. Hakumtuma mtu. Asubuhi ndipo walipomwita.

"Wao waliniambia mlango," alisema. "Kila mtu anajua mlango. Lakini aliyemtoa aliniita pembeni, akaniambia kitu, akaniapisha nisimwambie mama yake. Nimekikalia. Kwa sababu nilijua maana yake. Watu wangesema na wangekuwa wamesema kweli."

Akaniachia mkono. Akageuka, akasimama mbele yangu kwa miguu yake mwenyewe juu ya barafu, bibi wa miaka sabini na kitu na magoti mabovu, na hakuteleza. Akaniinulia uso. Sijui alikuwa anamwona nani.

"Kwa nini ulivua shati?" aliuliza.

Nilidhani ananiuliza mimi.

Kuna jambo nililomficha daktari, timu, wazazi, kila mtu. Wiki mbili baada ya ule mtikisiko wa tatu, kule Ufini, nilitoka uwanjani saa nane mchana kurudi kwenye nyumba niliyopangishiwa. Ni mwendo wa dakika kumi, njia niliyoipita kila siku. Nilitokea mlango ambao siuzoei na njia ikanipotea kichwani, yote, kana kwamba sijawahi kukaa kwenye mji ule. Nikaendelea kutembea. Nikaingia kwenye miti. Baridi ilikuwa ile inayogandisha kope. Kwanza niliumia, kisha nikaacha kuumia, na baada ya muda nisioujua likaja joto. Joto kabisa, joto la mchana wa Mwanza. Nikavua koti, nikavua sweta, nikavua shati. Shati nikalikunja vizuri, mikono ndani, nikaliweka juu ya theluji. Mama mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa ndiye aliyenikuta nimekaa pembeni ya shati, kifua wazi, nimetulia. Alinivika koti lake akanipeleka kwake. Nilimwomba asiseme, hakusema.

"Walikuta limekunjwa," mama mkubwa alikuwa anaendelea. "Mikono imeingizwa ndani, kama nilivyokuwa nakukunjia. Mtu anayetaka kuishi havui nguo mle ndani. Ulitaka kufa. Ulitaka nikukute hivyo, nijue. Niambie tu. Nimekuja uniambie."

Maneno ya baba yalikuwa tayari mdomoni, nimekusamehe, maneno mepesi. Sikuyasema. Yangekuwa yanamwambia ndiyo.

"Nilisikia joto," nilisema.

Ilikuwa sauti yangu. Niliisikiliza kwa makini, ilikuwa yangu.

"Baridi inafika mahali inakwisha," nikamwambia. "Inakuja joto. Hukumbuki kama umegombana na mtu, hukumbuki mlango. Sikuwa na hasira na mtu yeyote, mke wangu. Nilivua shati kwa sababu nilidhani nimeshafika nyumbani."

Hakulia. Alinitazama muda mrefu, kichwa amekiinamisha kidogo upande, na pumzi yake ikatoka nyeupe mara tatu au nne. Kisha akanyanyua mkono akanifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nimekuwekea chakula," alisema.